Saa Moja Ndani ya Maji Moto ni Bei Gani?

Watu wakipanga kwenda kwenye chemchemi za maji moto, swali la kwanza huwa ni kiingilio. Ni swali la haki, ila ndilo dogo kuliko yote. Katika chemchemi nyingi za Afrika Mashariki kiingilio ni sehemu ndogo tu ya fedha zitakazokutoka. Kubwa ni mafuta ya gari, kitanda, chakula, na ile bei ya mgeni inayomsubiri yeyote aliyesahau kitambulisho nyumbani. Ndiyo maana hapa nimelinganisha kwa kipimo kingine: jumlisha gharama yote ya safari, tangu unapofunga mlango wa nyumba yako hadi unapoufungua tena, kisha igawe kwa saa ambazo mwili wako utakuwa ndani ya maji.

Kipimo hicho kinakataa kudanganyika. Safari ya siku moja inayotangazwa kuwa ya bei nafuu inaweza kukupa dakika arobaini za kuloweka mwili na saa tisa za kukaa garini. Hoteli inayokutisha kwa bei ya chumba inaweza kukupa maji jioni, usiku, na alfajiri kabla jua halijachomoza, bila mtu wa kukuhimiza utoke. Nitayataja maeneo ninayoona yanafaa kulinganishwa, na nitasema wazi ninalopendelea na sababu zake.

Kwanza tuondoe utata mmoja. Spa nyingi za mijini, ziwe Nairobi, Arusha, Kampala au Dar es Salaam, hutumia maji ya bomba yaliyopashwa moto kwa umeme au gesi. Hakuna ubaya. Masaji nzuri ni masaji nzuri, na mtu aliyekaa ofisini wiki nzima akiinamia kompyuta anaweza kunufaika nayo kuliko safari ndefu ya barabarani. Lakini kama unachotafuta ni maji yaliyotoka ardhini na madini yake, usikubali kulipa bei ya chemchemi kwa sababu tu chumba kina mishumaa na mawe meusi. Uliza maji yanatoka wapi. Mwenye chemchemi halisi atakuonyesha kwa kidole.

Chemchemi zetu ni zao la Bonde la Ufa. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa za ardhi, hukutana na miamba iliyopashwa joto na kina, huyeyusha chumvi, silika na salfa njiani, kisha hutafuta upenyo wa kurudi juu. Yakitoka huwa katika hali mojawapo kati ya mbili, na tofauti hiyo ndiyo unayoilipia. Kuna maji ambayo mtu ameyafuga: yameelekezwa kwenye bwawa, yakapozwa hadi kiwango ambacho mwili unavumilia, yakajengewa ngazi, bafu na chumba cha kubadilishia nguo. Na kuna maji yaliyoachwa kama yalivyo, ambapo hatua mbili kutoka mahali pa kukaa pana shimo linaloweza kuivisha yai.

Mfano ulio wazi kabisa wa maji yaliyofugwa ni bwawa la Olkaria, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Naivasha. Lilifunguliwa mwaka 2013 na KenGen, kampuni inayozalisha umeme wa jotoardhi hapo. Visima vya Olkaria vimechimbwa kilomita mbili hadi tatu kwenda chini. Kinachopanda ni mchanganyiko wa mvuke na maji yenye madini mengi. Mvuke hutenganishwa ukaenda kuzungusha mitambo, na maji yanayobaki kwa kawaida hurudishwa ardhini. Hapo sehemu ya maji hayo hupitishwa kwenye mabwawa yanayofuatana, yakipoa hatua kwa hatua, hadi yanapofika pale watu wanapoogelea. Rangi yake ni ya bluu iliyochanganyika na maziwa, na rangi hiyo inatokana na silika. Ukikaa ukingoni na kupitisha kiganja kwenye jiwe utaisikia: utando mweupe, mgumu kidogo, unaokwaruza kama msasa laini. Utando huohuo ndio unaofanya nywele zikakamae baada ya kuogelea. Wenye nywele ndefu wazifunge juu, wapake mafuta kabla ya kuingia, na wasuuze vizuri kwa maji safi wakitoka. Pete na mikufu ya fedha viache nyumbani, kwa kuwa gesi ya salfa huifanya fedha iwe nyeusi.

Tufanye hesabu ya Olkaria kwa watu wazima wanne, raia wa Kenya, wanaotoka Nairobi kwa gari moja dogo. Kutoka mjini hadi bwawani na kurudi weka kilomita 250. Kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, na petroli ya karibu shilingi 185 kwa lita kama ilivyokuwa Nairobi mwaka 2025, hiyo ni shilingi 4,625. Kiingilio cha Hell's Gate kwa raia mzima kilikuwa shilingi 300 kwa miaka mingi, huku mgeni wa kutoka nje akilipa dola 26. Mwaka 2025 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, lilitoa viwango vipya vya juu, kwa hiyo angalia bei ya siku kwenye eCitizen kabla ya kuwasha gari. Kwa hesabu yangu nachukua kiwango cha zamani: 1,200 kwa wanne, na 300 ya gari. Bwawa lina tiketi yake tofauti na ya hifadhi, na wengi hulijua hilo wakiwa tayari wamefika. Weka makadirio ya 500 kwa kila mtu, yaani 2,000, na chakula cha mchana 2,000. Jumla ni 10,125, au kama shilingi 2,530 kwa kila mmoja. Mkikaa ndani ya maji saa tatu, saa moja inawagharimu karibu 840.

Hiyo ni bei nzuri sana. Lakini angalia inavyobadilika ukiwa peke yako bila gari. Nauli za matatu za kwenda na kurudi, pamoja na zile za barabara ya Moi South Lake, weka 1,000. Baiskeli ya kukodi karibu na lango la hifadhi liitwalo Elsa huwa kama 500 kwa siku. Ongeza lango, bwawa na chakula kwa bei zilezile: utafika 2,800. Jumla si kubwa, ila kutoka Elsa hadi bwawani ni mwendo mrefu wa kukanyaga baiskeli, na sehemu yake ni mlima. Utafika umechoka, umechelewa, na lazima ubakize nguvu na mwanga wa kurudi nao. Ukipata saa mbili za kuogelea umebahatika, na saa moja imekuwa 1,400. Njia hiyo inamfaa anayependa baiskeli na pundamilia kando ya njia, kwa kuwa Hell's Gate ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambazo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Anayekwenda kwa ajili ya maji tu atafute wenzake watatu wajaze gari, kisha wapitie lango la Olkaria lililo karibu zaidi na bwawa.

Kosa ambalo naona watu wakilifanya Naivasha ni kulala huko kwa ajili ya bwawa. Bwawa limo ndani ya hifadhi, na hifadhi hufungwa jioni. Kitanda utakachokilipia kando ya ziwa hakikuongezei hata dakika moja ya maji moto usiku huo. Ukitaka kulala Naivasha, lala kwa ajili ya viboko, mashua na samaki, na hesabu gharama hiyo upande wake.

Watu waliosafiri sana husema Olkaria ni Blue Lagoon ya Kenya, na ukoo huo ni wa kweli. Blue Lagoon ya Iceland nayo ilitokana na maji yaliyobaki baada ya kituo cha umeme wa jotoardhi cha Svartsengi kuyatumia, na wataalamu wengi wa Kenya walisomea jotoardhi Iceland. Ila bei zake hazina undugu na za Naivasha. Kiingilio cha kawaida cha Blue Lagoon kinazidi dola 70, na hupanda kulingana na saa na msimu. Ndugu zetu walio Ulaya wanaofikiria kwenda huko wajue pia kwamba mabwawa ya kuogelea ya manispaa ya Reykjavik, yanayopashwa joto na ardhi hiyohiyo, huingiwa kwa karibu dola 10, nayo ndiyo wenyeji wanayokwenda jioni baada ya kazi. Hayana rangi ya bluu ya kupigia picha, lakini yana joto, ni safi, na utaoga bila haraka.

Sasa Bogoria, mahali ambapo moyo wangu huelekea zaidi. Ziwa lenyewe liko Kaunti ya Baringo, ndani ya hifadhi ya kaunti, na tangu mwaka 2011 ni sehemu ya Urithi wa Dunia wa UNESCO pamoja na maziwa ya Nakuru na Elementaita. Chemchemi za Loburu, ukingoni mwa ziwa, hufika kiwango cha kuchemka. Hapo hapaogeki. Unasimama mbali kidogo, mvuke unakupiga usoni, na watu wamekaa wanasubiri mayai waliyoyatumbukiza yaive. Maji ya kuogelea yako nje ya lango, Loboi, kwenye hoteli iliyojengwa penye chemchemi ya joto la kadiri. Bwawa lake hujazwa na maji hayo ya ardhini, na joto lake liko karibu na joto la mwili wa binadamu. Tofauti yake na Olkaria unaisikia mara moja. Olkaria huvuta jasho, ukakaa dakika ishirini ukatamani kutoka. Loboi unakaa muda mrefu bila kujua, mabega yakashuka, na mazungumzo yakapungua yenyewe.

Hesabu yake ni nzito. Kutoka Nairobi hadi Loboi kupitia Nakuru na Marigat ni kama kilomita 280, kwenda na kurudi 560. Mafuta kwa kipimo kilekile ni shilingi 10,360. Chukua vyumba viwili, kila kimoja kwa makadirio ya 15,000 pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa: 30,000. Lango la hifadhi kwenda kuona Loburu, weka 500 kwa kila mtu, 2,000. Chakula cha njiani na cha mchana, 4,000. Jumla ni 46,360, ambayo ni kama 11,590 kwa kila mmoja wa wale wanne. Mkiingia majini saa mbili jioni ile, saa moja baada ya chakula, saa moja na nusu alfajiri, na saa moja na nusu kabla ya kuondoka, ni saa sita. Saa moja inawajia karibu 1,930, zaidi ya mara mbili ya Olkaria.

Na bado nasema inastahili, kwa mtu mwenye uchovu wa kweli. Kinachomponya mtu aliyechoka ni maji pamoja na usingizi unaofuata, na Olkaria haikupi usingizi huo: inakurudisha kwenye foleni ya malori ya Naivasha ukiwa bado na unyevu kwenye nywele. Ukiwa na uwezo wa kwenda mara moja tu kwa mwaka, afadhali uwe Bogoria usiku mmoja kuliko Olkaria mara nne. Nakiri kwamba familia yenye watoto wadogo wanaotaka kurushiana maji mchana kutwa itaona vinginevyo, na itakuwa sawa.

Hesabu hiyo hugeuka kabisa ukibadilisha mji unaotoka. Mkazi wa Nakuru yuko umbali wa kilomita 120 hivi na Loboi. Kwake Bogoria ni safari ya kutwa, mafuta ya kama 4,440, karibu sawa na yule wa Nairobi anayekwenda Naivasha. Mkazi wa Nakuru, Kabarnet au Eldama Ravine apige simu hotelini kwanza aulize kama siku hiyo wanapokea wageni wa mchana wa bwawa tu, na kwa bei gani. Akipata nafasi hiyo, hakuna mahali Kenya patakapompa maji mazuri kwa fedha kidogo hivyo.

Kuna mambo mawili kuhusu Bogoria ambayo mlipaji anapaswa kuyajua. La kwanza, ziwa limepanda tangu miaka ya 2010. Limemeza baadhi ya chemchemi za Loburu na vipande vya barabara ya ndani, na picha nzuri unazoziona kwenye vipeperushi nyingi ni za zamani. Uliza langoni barabara imefika wapi kabla hujalipa, hasa wakati wa mvua. La pili, ardhi hiyo ina wenyewe. Jamii ya Waendorois waliondolewa kando ya ziwa katika miaka ya 1970 ili hifadhi ianzishwe. Walikwenda hadi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 uliwapa haki, ukaitaka serikali iwarudishie ardhi na kuwapa mgao wa mapato. Kwa hiyo ukimlipa kijana wa hapo akuongoze kwenye mashimo, au ukinunua asali yao barabarani, usimbane bei kana kwamba amekukuta kwako. Asali ya Baringo ni nzuri, na chupa mbili ni zawadi bora kuliko kitu chochote cha dukani.

Upande wa Tanzania, jina linalotajwa kwanza ni Chemka, ambayo wengine huiita Kikuletwa, katika Wilaya ya Hai. Hapa lazima niseme kwa uwazi kwa sababu wageni wengi huvunjika moyo: maji ya Chemka si ya moto. Ni ya vuguvugu kwa mbali, na mchana wa jua kali yatakupoza. Sifa yake iko kwingine. Maji yanatoka chini ya ardhi yakiwa maangavu hivi kwamba unaona mchanga na mizizi ya mikuyu mita kadhaa chini yako. Kuna kamba ya kujirushia, na visamaki vidogo vinavyokuja kukudonoa miguu ukitulia. Usiende kwa ajili ya magoti yanayouma. Nenda kufurahi, na uende na watoto wanaojua kuogelea, kwa maana kina ni kirefu na hakuna ngazi ya kukanyaga kama ya bwawa la hoteli.

Chemka ndiko kwenye pengo kubwa kuliko yote kati ya bei ya wakala na bei ya kujipeleka. Mawakala wa Moshi na Arusha huwauzia wageni safari ya siku moja pamoja na chakula kwa dola 40 hadi 70 kwa kichwa. Kwa dola ya shilingi 2,500 hivi, hiyo ni laki moja hadi laki na robo tatu. Kujipeleka ni daladala ya Moshi hadi Boma Ng'ombe, kisha bodaboda kwenye barabara ya vumbi hadi chemchemini. Weka 4,000 ya daladala kwenda na kurudi, 15,000 ya bodaboda atakayekusubiri, na 10,000 ya kiingilio ingawa mwenyeji hulipa pungufu ya mgeni: 29,000. Ukikaa majini saa tatu, ni kama 9,700 kwa saa, wakati aliyelipa dola 60 amelipa 50,000 kwa saa ileile, ndani ya maji yaleyale. Mkubaliane na dereva wa bodaboda bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla hujapanda, na umlipe sehemu kubwa mwishoni. Wakala anafaa kwa mgeni asiyejua Kiswahili au familia yenye mzee asiyeweza kupanda pikipiki. Msomaji wa makala hii hamhitaji.

Jambo jingine la Chemka: nenda siku ya kazi, asubuhi. Jumapili mchana kidimbwi kinajaa muziki na watu, na maji yale maangavu huchafuka kwa vumbi la miguu mia. Hiyo nayo ina raha yake kwa vijana. Kwa anayetafuta utulivu ni fedha iliyopotea.

Kuna chemchemi za kutazama tu, na ni vyema kuzijua ili usifunge taulo bure. Maji Moto ya Ziwa Manyara yako ndani ya hifadhi ya taifa, ambapo raia wa Afrika Mashariki hulipa shilingi za Tanzania 10,000 na mgeni wa nje karibu dola 50, kodi juu yake. Ukifika, unatembea kwenye njia ya mbao, unaona mvuke, unasoma maelezo, unaondoka. Sempaya, katika Hifadhi ya Semuliki magharibi mwa Uganda, ni hivyohivyo: maji yake yanachemka kwelikweli. Zote mbili zina thamani kama sehemu ya safari ya kuona wanyama au misitu. Saa zake ndani ya maji ni sifuri.

Kabla ya kugeukia zile ambazo watu wa kawaida huenda kutibiwa, niseme neno kuhusu tiba, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea na wakati mwingine afya. Tafiti za kuoga maji ya madini zinaonyesha nafuu ya muda kwa maumivu ya viungo na mgongo. Nafuu ni neno sahihi. Joto hulegeza misuli, maji hubeba uzito wa mwili, na mtu hulala vizuri. Haiondoi kisukari, haizibui mishipa ya moyo, na haichukui nafasi ya dawa za presha. Yeyote anayekuuzia siku saba za kuoga kama tiba ya saratani, mwache na maji yake.

Mwenye presha ya juu isiyotulia au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Mjamzito aepuke maji ya moto sana, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imeingia ganzi asiitumie miguu hiyo kupima joto. Aombe mtu mwingine aingize kiwiko. Dakika kumi na tano hadi ishirini kwa awamu zinatosha kwenye maji yenye joto kali, kisha utoke, unywe maji safi, upumzike. Pombe ingoje jioni. Katika chemchemi za vuguvugu zisizo na chumvi wala dawa ya kusafishia, weka pua juu ya maji: kuna amiba adimu lakini hatari sana anayeishi katika maji ya aina hiyo, naye huingilia puani. Na usinywe maji ya chemchemi hata ukiambiwa yanasafisha tumbo. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa, na ya Bogoria yanaupita kwa mbali mno. Meno ya kahawia ya watoto wengi wa ukanda huu yanatokana na madini hayohayo.

Kitagata, Wilaya ya Sheema huko Uganda, ndiyo chemchemi ya watu wa kawaida niipendayo kuieleza, kwa sababu inaonyesha jinsi huduma hii inavyoweza kuwa rahisi. Kuna vidimbwi viwili jirani. Kimoja wenyeji hukiita Mulago, kwa jina la hospitali kuu ya Kampala, na kingine, Ekyomugabe, kinahusishwa na mfalme wa Ankole. Penye kitovu maji hufika nyuzijoto 80, kwa hiyo watu hukaa pembeni, yalikopoa. Mabibi wameketi juu ya mawe, nguo zimefungwa kiunoni, wanajichotea maji kwa vibakuli na kujimwagia magotini, polepole, wakipiga soga za watoto na mavuno. Hakuna kabati la kufuli, hakuna kioo. Fedha zinazotolewa hapo ni kidogo sana ukilinganisha na bwawa lolote nililolitaja. Nauli yako na chumba cha kulala wageni Ishaka ndivyo vitakavyokula bajeti, na kwa mtu wa magharibi mwa Uganda hata hivyo ni vidogo.

Upungufu wake ni usafi. Maji yanatembea, ila watu ni wengi na baadhi wana vidonda. Mwenye jeraha bichi asiingie, na kila mtu aoge kwa sabuni na maji safi akirudi. Wageni wasipige picha; wale ni wagonjwa wanaooga, na wengi wako nusu uchi. Ukitaka picha ya kumbukumbu, nunua ndizi barabarani upige picha ya ndizi.

Kando ya Ziwa Kivu, upande wa Rubavu nchini Rwanda, kuna chemchemi za Nyamyumba, si mbali na kiwanda cha bia cha Bralirwa. Maji ya moto hutoka ukingoni mwa ziwa, ukayachanganya na ya ziwa kwa miguu yako hadi upate joto unalolitaka. Kwa wakazi wa Goma na Gisenyi ni mahali pa karibu mno, na Kiswahili chako kitatosha. Vijana wa hapo hutoa masaji ufukweni. Wengine ni hodari kwelikweli, wanajua pa kukandamiza na pa kuacha. Tatizo ni kwamba bei hutajwa baada ya mwili kulegea. Taja bei wewe, kwa faranga, kwa muda maalumu, mbele ya mwenzake, kabla hujalala chini. Na kama wanapaka udongo, uliza kama umo ndani ya bei hiyo.